Uuguzi wa lupasi katika chumba cha dripu: mchana unaridhisha, usiku hakuna mtu

Mwishoni mwa mwaka jana mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 29, alichukuliwa kinyama cha figo kwa ajili ya kipimo, na majibu yakaonyesha kwamba lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na uliokuwa ukimsumbua kwenye viungo na ngozi, imekwishafika kwenye figo. Daktari bingwa alimwandikia saiklofosfamaidi ya mshipani, dawa ya kushusha kinga ya mwili, dozi 6 za miligramu 500, moja kila baada ya wiki 2, nasi tukachagua kliniki moja binafsi ya hapa Dar es Salaam yenye chumba cha dripu cha mchana. Hadi sasa amepata dozi 4. Kliniki yenyewe sitaitaja, kwa kuwa wauguzi wake ni wachache na anayeifahamu atawatambua mara moja. Ninachopima hapa ni uuguzi, kwa ajili ya familia inayotafuta huduma ya namna hii na haijui iulize nini.

Nianze na muuguzi kiongozi wa chumba hicho, mama wa makamo, ambaye siku ya kwanza hakugusa sindano kwa karibu nusu saa. Alipokwisha kuitikia shikamoo alivuta kiti, akamwuliza mgonjwa wake, "Mwanangu, ukiamka asubuhi vidole vinachukua muda gani hadi vikunjike?" Akaendelea na vidonda vya mdomoni, nywele zinazobaki kwenye kitana, mkojo wenye povu, na viatu vinavyoanza kubana jioni. Kisha mimi nikaombwa nisubiri nje, na ndugu yangu akanieleza baadaye kwamba walizungumza kuhusu hedhi na uzazi, maana dawa hii inaweza kudhuru uwezo wa mwanamke kupata mtoto na pia kumdhuru mtoto aliye tumboni. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa lupasi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa, na bado kabla ya siku ile hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo.

Mama huyo ana jicho. Upele wa lupasi wenye umbo la kipepeo husemwa kuwa ni wekundu wa mashavuni, lakini kwenye ngozi nyeusi kama zetu mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na sisi tulikuwa tumeshauziwa krimu ya chunusi kwa ajili yake. Aliukagua kwa kuinamisha taa, kisha akahamisha kiti cha dripu kutoka dirishani, akieleza kwamba kioo cha kawaida hakizuii mionzi yote ya jua na kwamba jua linaweza kuuamsha ugonjwa.

Utaratibu wa dawa nao unafuatwa bila upendeleo. Bila majibu mapya ya picha kamili ya damu na mkojo, dripu haifunguliwi. Dozi ya 3 iliahirishwa kwa wiki nzima kwa sababu chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka, nami nilinung'unikia nauli ya kutoka Mbagala, ambayo kwa kweli ndiyo ilikuwa hasara ndogo kuliko zote siku ile. Dripu inapokwisha, mgonjwa hupewa chupa ya maji na kuhimizwa kukojoa mara kwa mara, kwani mabaki ya dawa yakikaa kwenye kibofu huweza kukichubua. Kuhusu prednisoloni, vidonge vya steroidi anavyotumia pia, aliambiwa aimeze asubuhi baada ya kula, na asiikatishe ghafla hata akijisikia mzima, kwa kuwa mwili uliozoea vidonge huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe.

Lililonigusa zaidi ni karatasi aliyoibandika ndani ya daftari la kliniki: mgonjwa huyu asipewe dawa zenye salfa kabla ya daktari wake kuulizwa, wala diklofenaki kwa maumivu. Septrini, ambayo ina salfa, huuzwa katika kila duka la dawa la mtaani kwetu, na ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuichochea lupasi. Diklofenaki nayo huelemea figo zilizokwisha kujeruhiwa. Karatasi hiyo imeshatukinga mara 1 dukani.

Sasa kasoro. Wagonjwa wa dripu husubiri kwenye benchi moja na wanaokuja kwa kikohozi, jambo ambalo siwezi kulielewa katika mahali panapotoa dawa za kushusha kinga ya mwili. Barakoa hutolewa kwa anayeomba.

Kubwa zaidi ni simu. Siku ya 10 baada ya dozi ya 4, Jumamosi usiku, joto la mwili lilifika nyuzi 38.6. Namba tuliyopewa kwa ajili ya dharura ilipokewa na mtu wa mapokezi, ambaye, bila kuuliza ni mgonjwa gani wala anatumia dawa gani, alitushauri tununue dawa mseto ya malaria na tuje Jumatatu. Hakuna muuguzi wa zamu nyuma ya namba hiyo. Homa ya mgonjwa wa lupasi inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa ugonjwa wenyewe umeamka, inaweza kuwa maambukizi mengine, na siku hizo za katikati ya dozi ndizo chembe nyeupe huwa chini, hivyo hakuna anayepaswa kubahatisha. Tulikwenda hospitali nyingine. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ilikuwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, akalazwa siku 4.

Nilipolifikisha jambo hilo kwa muuguzi kiongozi alisikitika, akaniambia kwamba aliomba muuguzi wa simu ya usiku na akajibiwa kuwa bajeti hairuhusu. Ada ya uuguzi, hata hivyo, inalipiwa kwa mstari wake kwenye kila ankara.

Dozi 2 zilizobaki atazipata palepale, kwa mkono wa mama yule. Namba iliyobandikwa kwenye mlango wa friji yetu ni ya hospitali iliyotupokea saa 6 usiku.