Kabla ya Kununua Riwaya ya Kiama, Kagua Ramani Yake

Nilinunua riwaya nene ya fantasia, juzuu tatu ndani ya jalada moja laini, na nilipofungua ramani nikakuta mlima wa moto, ambako hadithi yote inaelekea, umezama katika mkunjo wa kurasa. Muuzaji alinijibu kwamba kitabu hakina kasoro. Kasoro ipo, na ni kubwa. Katika hadithi za mwisho wa dunia, ardhi ndiyo inayoamua nani atakula, nani atapata maji na nani atafika, na msomaji asiyeuona umbali kati ya mto uliokauka na kambi hawezi kuiogopa safari.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa toleo la jalada gumu lililoshonwa kwa uzi. Litazame kwa juu, penye uti: ukiona mafungu madogo ya kurasa zilizokunjwa, limeshonwa na litalala wazi mezani, ukiona ukingo mnyoofu uliopakwa gundi, ramani yake itabanwa. J.R.R. Tolkien alipochapisha The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955, juzuu ya tatu ilipewa ramani ya pekee ya Gondor, Rohan na Mordor, nchi za kubuni za hadithi hiyo, kwa kipimo kikubwa zaidi, iliyochorwa na mwanawe Christopher. Bila ramani hiyo uwanda wa Gorgoroth, ulio ndani ya Mordor, ni majivu matupu. Ukiwa nayo, kila hatua ya kiu ina mahali pake. Toleo lililoiacha nje silinunui.

Nafasi ya pili ni jalada laini, kila juzuu peke yake. Hapa naupendelea waziwazi mfululizo wa N. K. Jemisin unaoanza na The Fifth Season (2015), ambao juzuu zake zote tatu zilishinda Tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi na fantasia, 2016 hadi 2018. Mna ramani ya Stillness, bara la kubuni ambamo hadithi inatokea, na kiambatisho kinachoorodhesha majira ya maangamizi yaliyotangulia na chanzo cha kila moja.

Vitabu vya kielektroniki ni nafuu. Pakua sampuli, ikuze ramani, na ikigeuka ukungu usilipe.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba wauzaji hupandisha bei kwa sababu ya jalada jipya lenye anga linalowaka, ilhali ramani ya ndani ni ileile iliyofinywa. Wanapiga picha jalada kutoka kila upande. Tunachohitaji ni picha moja ya kurasa za ramani zikiwa zimefunguliwa.