Seti ya Haidrojeni ya Jua: Vioo Vizuri, Mwongozo Dhaifu

Seti hii ya kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa mwanga wa jua, iliyonunuliwa kwa ajili ya maabara ya kemia ya sekondari tunayofundisha hapa Tanga, ina vioo viwili vilivyopakwa nusu-kipitishi (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, na ambacho mwanga huamsha elektroni zake), waya wa platini, mita ya umeme na betri ndogo. Kioo cha kwanza kina oksidi ya titani. Cha pili kina oksidi ya chuma, ndugu wa karibu wa kutu inayotumalizia mabati huku pwani.

Ninaisifu kwa sababu haifichi udhaifu wa malighafi zenyewe. Oksidi ya titani ndiyo iliyotumiwa na Fujishima na Honda, Wajapani waliochapisha jaribio lao la kupasua maji kwa mwanga mwaka 1972. Hudumu majini bila kuliwa, lakini huhitaji elektronivolti 3 hivi (kipimo kidogo cha nishati, kinachofaa kupimia elektroni moja) ili iamke, kwa hiyo hufaidi miale ya urujuanimno tu, ambayo ni takribani asilimia 5 ya nishati ya jua. Ndiyo maana hata jua la utosi la Tanga huipa mita msukumo mdogo. Oksidi ya chuma huridhika na elektronivolti 2.1, hivyo hupokea sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana, ila chaji zake husafiri nanomita chache tu kabla ya kurudiana na kupotea, na elektroni zake hazina nguvu ya kutoa haidrojeni bila kusaidiwa na betri.

Kinachostahili pesa hasa ni kioo cha tatu, ambacho, kwa bahati mbaya, huuzwa peke yake: oksidi ya chuma iliyotiwa titani kidogo ili ipitishe umeme vizuri zaidi, kisha ikapakwa kobalti kama kichocheo cha kutoa oksijeni. Kwa betri ileile na jua lilelile, mshale wa mita ulipanda mbele ya wanafunzi, na maswali yakaanza kumiminika.

Mwongozo, hata hivyo, unaruhusu maji ya bahari, ushauri ambao sikuufuata ingawa ufuko wa Raskazone u jirani, kwa kuwa chumvi yake huweza kutoa klorini, gesi ya sumu. Tulitumia maji yaliyokenekwa na kostiki soda kidogo, ile ya watengeneza sabuni; miwani ya kukinga macho haimo bokseni, inunuliwe kando. Bei ni nzito kwa shule moja, kwa hiyo ni afadhali shule jirani zichangie, na zikiagiza zidai kioo cha tatu tangu mwanzo.