Kilainishi Kipi Ununue kwa Kibodi ya Zamani Yenye Vitufe Vinavyonata

Kabla hujatoa pesa, ng'oa kofia ya kitufe kinachokusumbua, kisha bonyeza shina lake taratibu kwa ncha ya kidole. Likirudi juu vizuri, swichi, yaani sehemu iliyo chini ya kofia, haina kosa: kinachokwama ni kofia, au waya wa kusawazisha, ule unaofanya kitufe kirefu kishuke sawasawa pande zote. Likipanda kwa uvivu, mulika tochi pembeni mwa shina. Ukiona utando wa kahawia unaong'aa, hicho ni kinywaji kilichomwagika miaka mingi iliyopita kikakaukia humo. Ukipaka kilainishi juu yake, vitachanganyika, na kitufe kitazidi kuwa kizito.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa alkoholi ya isopropili, ingawa si kilainishi. Wengi hukimbilia ya 99%, na kwa grisi kuukuu au sehemu za umeme ndiyo sahihi, kwa sababu hukauka haraka. Lakini sukari huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kwa soda iliyoganda ya 70% hufanya kazi vizuri zaidi, mradi uache kibodi ikauke kabisa kabla ya kuiwasha. Asetoni usiisogeze karibu. Huyeyusha plastiki ya ABS, na kofia nyingi za zamani ni za ABS. Ukishasafisha, jaribu tena. Mara nyingi tatizo limeshakwisha na huhitaji kununua kingine.

Kama bado shina linakwaruza, sasa aina ya swichi ndiyo itakayoamua.

Kwa swichi za Cherry MX zisizo na mlio wala kikwazo katikati, chagua Krytox GPL 205 daraja la 0. Ni grisi ya PFPE, mafuta ya kutengenezwa yenye florini, iliyokolezwa kwa PTFE, yaani Tefloni. Haili plastiki, haikauki upesi, na chupa ya mililita 5 inatosha kibodi nzima na kubaki. Paka kwa brashi ya kuchorea namba 0 au 00: reli za pande mbili za shina, na ncha za springi. Ukiona weupe umejikusanya kwenye kona, umezidisha, upunguze. Vibamba vya shaba vinavyogusana usivipake hata kidogo, kwani grisi hii haipitishi umeme na kitufe kinaweza kuacha kuandika. Jua pia kwamba kwenye kibodi nyingi za zamani bamba la chuma huzuia swichi za MX zisifunguke, hivyo utalazimika kuzing'oa kwa kuyeyusha risasi iliyozilehemu. Kama huna mkono wa kazi hiyo, bakia kwenye kusafisha.

Swichi zenye kikwazo katikati zinafuata, na hizo zipe grisi ya Tribosys 3204, iliyo nyepesi zaidi. Miguu ya shina inayosukuma kibamba iache kavu, la sivyo utaua ile hisia uliyoinunulia kibodi.

Swichi za kampuni ya Alps, aina za SKCL na SKCM, ninazitetea kwa nguvu zote dhidi ya grisi. Nafasi ndani yake ni finyu, na kilainishi chenye unyevu hunasa vumbi mpaka zikawa mbaya kuliko zilivyokuwa. Zinunulie kilainishi kikavu cha PTFE: puliza kwenye kikombe, chovya brashi, paka shina, uache kiyeyushi kipae kabla ya kufunga. Uzuri wa swichi hizi ni kwamba hufunguka kwa juu bila kuyeyusha risasi. Kibodi ya IBM Model M, ya tangu 1985, mara nyingi haihitaji kilainishi kwenye vitufe. Futa tu mrija ambamo kitufe huteleza kwa pamba iliyofungwa kijitini.

Waya za kusawazisha zina haki yao peke yake. Hapo grisi nzito ya silikoni, ile ya vifaa vya umeme, inafaa sana na ni rahisi kuipata. Weka tone kila inapoingia waya, na kelele ya kitufe cha nafasi itatulia.

Mkiani kabisa ni WD-40 ya kawaida. Ilibuniwa 1953 kufukuza unyevu, na kwenye kibodi husafisha kilainishi kilichokuwamo na kuacha utando unaovuta vumbi. Kitufe huteleza kwa muda mfupi, kisha hunata upya. Vaselini na mafuta ya kula usivinunue kwa kazi hii: mafuta ya kula huganda yakawa gundi, na vaselini inaweza kudhuru mpira na baadhi ya plastiki.