Fensi ya umeme juu ya mwamba: rodi tatu kwenye risiti, moja ardhini

Kampuni iliyonifungia fensi ya umeme juu ya ukuta, nguzo wamezinyoosha vizuri. Naanza na hilo ili nisionekane nimekuja kuwaharibia watu riziki. Waya zote sita zimekaza, kila kona ina springi zake, vikombe vya plastiki vinavyoshikilia waya havina hata kimoja kilichopasuka, na vibao vya njano vya tahadhari vinaonekana vizuri kutoka nje. Ukisimama barabarani huku Isamilo ukaangalia juu ya ukuta, utasema hapa pesa imefanya kazi.

Ubovu uko chini, pasipoonekana, na kwa Mwanza huko chini ndiko kazi nzima ya fensi iliko.

Waya kuwa na umeme hakutoshi. Pigo la umeme linatoka kwenye mashine ya fensi kila baada ya sekunde moja hivi, linakimbia kwenye waya, linamwingia aliyeshika, linashuka ukutani na ardhini, kisha lazima lirudi kwenye mashine kupitia rodi za erthi, yaani vyuma vilivyochomekwa ardhini. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, mwizi anashika waya na kusikia mtekenyo tu. Sasa mji wetu umekaa juu ya mawe. Isamilo, Bugando, Capri Point, kuna viwanja ambavyo ukichimba futi mbili tu sururu inalia. Fundi akija kufunga fensi huku kwetu bila kuanza kwa kuuliza udongo uko upande gani wa kiwanja, huyo amekuja kuuza waya.

Fundi wao alipiga rodi ikagota kwenye jiwe, kama sentimita 50 hivi. Akachukua grenda akakata iliyobaki juu, akafunga kibano, akafukia, akamwaga zege. Rodi moja! Na waya zote sita akaziunga upande wa umeme, hakuna hata mmoja aliourudisha kwenye erthi. Kwa maneno mengine, fensi nzima inategemea udongo, na udongo wenyewe hauna kitu.

Wakati wa masika haikuonekana, maana ardhi ilikuwa imelowa na kila kitu kilikuwa kinapitisha. Kiangazi kilipokolea, tawi la mwembe wa jirani likalalia waya wa pili na wa tatu kwa wiki kadhaa, king'ora kimya. Nikapiga simu. Jibu ndilo lililonifanya niandike haya:

“Mama, mimi nimefunga fensi mji huu mzima. Mashine inasoma 7.8, wewe unataka isome ngapi?”

Nikamuuliza, “Na erthi umeipima, fundi?”

“Erthi ipo, mama. Hayo mambo ya ndani tuachie sisi.”

Mambo ya ndani! Hiyo 7.8 ndiyo dalili yenyewe ya ugonjwa. Kilovolti, yaani volti kwa maelfu, zimekaa juu kwa sababu hakuna umeme unaokwenda popote, kama presha ya bomba lililofungwa. Fensi isiyo mbovu ikilaliwa na tawi bichi, umeme unavuja kwenda ardhini, kilovolti zinashuka, mashine inajua kuna jambo, king'ora kinalia. Ikiwa tawi limelala na kipimo hakitikisiki, hapo hakuna ulinzi, kuna waya za kuanikia nguo. Fundi anayesifia namba kubwa bila kupima erthi hajui kazi, au anajua na anakuona wewe hujui. Sijui lipi kati ya hayo linaudhi zaidi.

Kipimo cha erthi hakihitaji hata nusu saa. Zima mashine kwanza, na kuzima ni kuchomoa plagi na kutoa waya wa betri, kwa sababu ndani kuna betri ya volti 12 inayoendelea kupiga hata umeme wa TANESCO ukikatika. Nenda mwisho wa fensi, mbali kabisa na mashine. Choma nondo mbili tatu ardhini, ziegemeze kwenye waya wenye umeme, kisha washa. Lengo ni waya ushuke chini ya kilovolti 2. Usiposhuka, ongeza nondo. Halafu rudi kwenye rodi ya erthi na tesa ya fensi, kile kifaa cha kupimia mapigo yake: ncha moja kwenye rodi, nyingine ichomeke kwenye udongo mita moja pembeni. Erthi nzuri haizidi kilovolti 0.3. Hii ilisoma 3.4, na waya ulikuwa bado haujashuka inavyotakiwa. Usitumie mita ya kawaida ya mafundi wa nyumba, pigo la fensi litaiua.

Dawa yake kwenye mwamba si grenda. Kwanza, waya zipishane: wa kwanza, wa tatu na wa tano ziwe za umeme, wa pili, wa nne na wa sita zirudi kwenye erthi. Anayezitanua apite anashika mbili kwa pamoja, anapigwa hata ukuta ukiwa mkavu kama kigae. Pili, rodi ziende kwenye udongo, si udongo ufuate rodi. Karibu kila kiwanja cha mlimani kina sehemu ya chini ambako mchanga na maji hukusanyika. Peleka huko rodi tatu za mita moja na nusu, ziachane mita tatu, ziungwe kwa waya mmoja usiokatwa, kila rodi na kibano chake cha shaba. Zikae zaidi ya mita 10 kutoka erthi ya umeme wa nyumba, la sivyo mapigo yataingia kwenye vyombo vya ndani. Pasipo udongo kabisa, chimba mfereji, laza shaba kwa ulalo na uifunike kwa udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Chumvi isikudanganye, inasaidia kwa muda kisha inakula vibano.

Na kile kifaa cha kukinga radi ambacho fundi yule alikitundika ukutani? Nacho kinataka erthi yake. Radi za usiku za ziwa hili tunazijua wote. Kikiwa hakina pa kuzishushia, ni pambo.

Niwe mkweli, kampuni ilipobanwa ilimtuma kijana mwingine, na kijana huyo ni fundi. Alivunja zege bila kubishana, akakitazama kile kipande, akasema tu, “Pole sana mama.” Akachimba upande wa chini karibu na maji ya bafuni, akapiga rodi tatu, akapishanisha waya. Akagundua pia kwamba chini ya geti kulipitishwa waya wa kawaida wa nyumba, ambao plastiki yake imetengenezwa kwa volti mia kadhaa, si elfu saba. Akaubadilisha kwa waya mnene wa fensi ndani ya bomba. Maungio ya shaba iliyosokotwa kwenye waya wa chuma na kuzungushiwa tepu akayatoa yote, akaweka vibano vya boliti. Erthi ikasoma 0.2 katikati ya kiangazi. Akafundisha na kufuta utando wa buibui kwenye vikombe, maana wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi, buibui nao hujenga, na umande wa alfajiri ukilowesha utando fensi inaanza kulia tik tik.

Kwa ajili ya kijana huyo nilitaka kuwapa nyota nne. Nikafungua risiti ya kwanza kuangalia muda wa dhamana.

Rodi za erthi, tatu. Vibano vya erthi, vitatu. Waya wa fensi wa kupita chini ya geti, mita sita. Vyote vimelipwa tangu siku ya kwanza.

Nyota moja, nayo ni ya kijana. Ukiwaita, mwombe yeye, na rodi zisifukiwe kabla hujaziona kwa macho yako na kuzihesabu. Salio baki nalo mpaka tesa isome chini ya 0.3 mbele yako, ardhi ikiwa kavu.