Programu ya kutafuta nyufa za miamba: uzoefu wangu

Nimechora nyufa za miamba kwa mkono kwa miaka, kwenye picha za chini ya ardhi zinazotokana na mawimbi ya mitetemo: kipande kimoja cha wima, ruka mistari kumi, kipande kingine, mpaka macho yanauma. Nilipopata programu hii ya mtandao wa neva, yaani kompyuta inayojifunza kwa mifano, niliijaribu kwanza kwenye data ninazozifahamu, za eneo liitwalo F3 kutoka Bahari ya Kaskazini, upande wa Uholanzi, ambazo ziko wazi kwa yeyote.

Kasi yake sina la kusema, ni dakika tu. Kilichonishika ni kipande kimoja ambapo tabaka la mwamba linashuka kwa sampuli mbili hivi, yaani vipimo viwili tu vya wimbi. Nilikuwa nimelipita mara nyingi nikidhani ni kelele, yaani mvurugo tu wa data. Programu ikaweka pale mstari mwembamba, ukarudi kwenye kipande kilichofuata na kingine tena. Nilipokata data kwa mlalo, ufa ukaonekana wazi, umenyooka. Nilifurahi kweli.

Njia ya kupima mfanano wa mawimbi jirani, waliyoitangaza watafiti Bahorich na Farmer mwaka 1995, huonyesha kila kilichovunjika, hata mifereji ya kale iliyofukiwa. Programu hii inachagua vizuri zaidi.

Lakini ijue ilikosomea. Imefuata mtindo wa mtafiti Xinming Wu na wenzake wa 2019: michemraba 200 ya mitetemo ya kubuni, pointi 128 kila upande, yenye nyufa ambazo kompyuta yenyewe ilizipanda. Isichokiona darasani haikitambui. Nyufa zilizolala sana iliziruka nyingi, na palipo na gesi inayopanda, mawimbi yakavurugika, ilichora nyufa ambazo mimi sizikubali.

Tena, inachotoa ni namba kati ya 0 na 1 kwa kila pointi, ya uwezekano wa kuwa na ufa; kizingiti unaweka wewe. Kwa 0.5 nilikuwa na nyufa mbili zilizoachana. Niliposhusha hadi 0.3 zikagusana. Kwa anayepanga kuhifadhi kaboni chini ya ardhi hilo si jambo dogo, maana nyufa zilizoungana zinaweza kuwa njia ya kuvujia. Hapo nilirudi kwenye kipande chenyewe na kufuata matabaka kwa jicho, moja moja.

Ukiijaribu, chuja kelele kwanza kwa kichujio kinachofuata mwelekeo wa matabaka lakini kisichovuka pale yanapokatika. Mara ya kwanza sikufanya hivyo, nikapata vipande vilivyokatikakatika. Mara ya pili ufa ule mwembamba ulitoka mzima, juu mpaka chini.