LokSound, Zimo au Hornby? Dikoda ya sauti kwa treni yako ndogo

Haya wandugu, kabla sijasema neno, sikilizeni hii.

Mmeisikia? Si trekta la jirani hilo. Ni kichwa cha treni cha sentimita 25 kiko hapa mezani, Class 37 ya Uingereza, kipimo cha OO, yaani moja kwa 76. Na leo nataka tuongee juu ya kinachotoa sauti hiyo, yaani dikoda, au chipu kama wengi tunavyoiita, kwa sababu kila wiki naulizwa swali lile lile: nichukue LokSound au Zimo? Nami huwa nalijibu kwa swali: wewe unataka kusikia nini?

Mimi ni mtoto wa Voi. Nyumba yetu na stesheni vilikuwa jirani, usiku unalala na muungurumo, asubuhi unaamka nao. Vichwa vile vya klasi ya 90, ambavyo Shirika la Reli la Kenya lilikuja kuviita klasi ya 87, viliundwa Uingereza na English Electric kuanzia 1960, na ndani vilikuwa na injini ya silinda 12 iitwayo 12CSVT. Hii Class 37 nayo ilianza kazi huku Uingereza mwaka huo huo wa 1960, na injini yake ni ya ukoo huo huo. Mwili ni tofauti: ya kwetu ilikuwa ya reli za mita moja, tena iliongezewa ekseli mbele na nyuma ili uzito usiilemee reli nyembamba. Lakini ukifumba macho, koo ni lile lile. Basi mimi sikununua chipu. Nilinunua koo lile, halafu ndiyo nikatafuta chipu ya kulibeba.

Kwa aliyeingia leo, haraka haraka. Dikoda ni kibao kidogo cha umeme kinachokaa tumboni mwa kichwa cha treni. Reli zina umeme muda wote, na amri za rimoti yako zinapita kwenye reli hizo hizo. Dikoda inatii amri zenye namba yake tu, na namba hiyo ikitoka kiwandani ni 3. Mfumo wenyewe ni DCC, asili yake Ujerumani kwa Lenz, kisha chama cha Marekani cha NMRA kikaufanya kiwango cha wote miaka ya 1990. Ndiyo maana chipu ya Vienna inaelewana na rimoti ya Marekani bila ugomvi.

Sasa, tuzipange mezani.

Hii ya kwanza ni LokSound 5, ya ESU, kampuni ya mji wa Neu-Ulm, Ujerumani. Hii ya pili ni Zimo MS450, ya Vienna. Zote mbili zinatoa sauti ya biti 16, na zote zina nafasi ya kubeba rekodi ndefu. LokSound inaihimili mota ya hadi ampia 1.5, Zimo 1.2. Ukizinunua tupu ni kanda tupu hizi. Lazima mtu azipakie sauti. ESU wanaziweka sauti zao kwenye tovuti, unazichukua bure, ila kuzipakia kunataka kifaa chao cha LokProgrammer na kompyuta ya Windows. Kama huna, mwambie muuzaji akupakie kabla hajaituma. Kwa Zimo kuna sauti za bure na kuna za kulipia, na watu wanaorekodi treni za Uingereza wamezipakia kwa wingi kwenye Zimo. Kwa hiyo usiulize chipu ipi bora. Nenda kasikilize rekodi za kichwa unachokitaka wewe, zote mbili, ukitumia spika za masikioni na si spika ya simu. Utakayosikia mwili ukakusisimka, hiyo ndiyo yako.

Ya tatu, SoundTraxx Tsunami2, ya Durango, Colorado. Hii haikuombi kupakia chochote, inakuja na sauti nyingi ndani na wewe unachagua kwa namba. Ni ya Kimarekani zaidi, sauti za vichwa vya viwanda vya huko: EMD, GE, ALCO. Lakini usiidharau kwa kuwa wewe ni wa Afrika Mashariki! Klasi ya 93 ya Kenya ni GE, aina ya U26C. Klasi ya 92 ilitoka Kanada, na ndani yake mna injini ya ALCO. Ukiwa na ndoto ya kuunda treni ya mizigo inayopita Mtito Andei miaka ya themanini, Tsunami2 ya GE itakufikisha karibu kuliko hizi mbili za kwanza.

Na hii ndogo ni Hornby HM7000, iliingia sokoni 2023. Nitairudia.

Sasa sogeeni karibu na kamera, maana hapa ndipo watu wanapotupa hela. Nimeivua Class 37 ganda lake. Mnaiona hii spika? Milimita 11 kwa 15, kama kipande cha sukari. Inakuja pamoja na LokSound kwenye pakiti. Nimeiacha inaning'inia kwa nyaya zake mbili, haina kiboksi. Nawasha injini, kitufe cha F1 cha rimoti... Sikilizeni. Kama nzi kwenye chupa, sivyo? Sasa sijagusa kitu kingine, nachukua kiboksi chake cha plastiki, nabandika spika juu, nazungusha kidole ukingoni... tena. Eeh! Ni dikoda ile ile, spika ile ile, sauti haikupanda hata namba moja.

Sababu yake ni hii. Utando wa spika unasukuma hewa mbele na kuivuta nyuma kwa wakati mmoja. Spika ikiwa wazi, hewa ya mbele na ya nyuma zinakutana zinauana, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Kiboksi kinaifungia ile ya nyuma. Lakini kiwe kimefungwa kweli kweli, hata tundu la kupitisha waya lizibwe. Tazama hapa, nabandua kona moja kwa ukucha tu... umesikia besi ilivyokimbia? Mimi naziba kwa gundi nyeupe, naacha usiku kucha.

Kwa hiyo kama una pauni 15 za ziada, usizipeleke kwenye chipu ya bei ya juu, zipeleke kwenye spika kubwa zaidi inayoingia. Kwenye hii 37 nimetoa ile ya sukari nikaweka ya mstatili, imelala juu ya tanki la mafuta.

Na angalia omu, kipimo cha ukinzani wa spika! Hapa nikiri. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kichwa cha mkononi, yaani kilichokwisha tumika, chenye dikoda ya zamani, nikaona spika yake ndogo, nikaibadilisha kwa ya redio mbovu, ya omu 8. Dikoda ile ilikuwa ya kizazi kinachotaka spika ya omu 100. Iliimba vizuri ajabu kwa dakika chache, halafu kimya. Mota ilikuwa inaenda, taa zinawaka, sauti ndiyo basi tena. Kosa langu mwenyewe, karatasi ya maelezo nilikuwa nayo, sikuisoma. LokSound 5 inakubali omu 4 hadi 32, kwa hiyo mtego huo sasa umepungua, lakini ukinunua vya mkononi soma kwanza.

Mbona mimi niliishia kwa LokSound? Kitu kimoja tu: kuna kazi waliyoiita Drive Hold. Unabonyeza, mwendo wa magurudumu unagandishwa pale ulipo, na rimoti inabaki kuendesha sauti ya injini peke yake. Fikiria treni ya mizigo ikitoka Mombasa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo kazi ni kupanda. Kichwa kinalia kama kinataka kupasuka, na mabehewa yanatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Dikoda ya kawaida inafunga hivi viwili pamoja: ukitaka kelele, lazima ukimbie. Angalia hapa: nimefika mwendo wa kutambaa, naganda, naongeza... anapanda, anapanda... na magurudumu yako vile vile. Kwangu mimi hiyo ni Voi. Zimo nao wana njia zao, na kwenye kuendesha mota taratibu kabisa, nikiwa mkweli, MS450 imenipendeza zaidi kidogo. Lakini koo, jamani, koo.

Soketi nisizikawize. Fungua kichwa chako uhesabu pini: 8, 6, 21, PluX22 au Next18. Nunua dikoda yenye kiungo hicho. Kama hakuna soketi, ni kulehemu: nyekundu na nyeusi ni reli, chungwa na kijivu ni mota, nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, buluu ni chanya ya taa zote. Mota ya zamani ipime kwanza: iwashe kwa umeme wa kawaida, ishike isizunguke kwa sekunde moja, soma ampia. Ikizidi uwezo wa dikoda, utaunguza.

Turudi kwa Hornby. Kama huna rimoti ya DCC, na hujui kama hobi hii itadumu nyumbani kwako, anza na HM7000. Inaendeshwa kwa simu kupitia Bluetooth, unaweza kuiweka kwenye reli yenye umeme wa DC usiobadilika, na sauti unapakua kwenye programu yao bila malipo. Bei mara nyingi iko chini ya pauni 80, wakati hizi mbili za mwanzo zikishapakiwa sauti huvuka 100. Uchaguzi wa sauti ni mdogo kuliko wa wenzake, lakini mtoto wangu wa pili aliielewa kabla yangu.

Ukishafunga, kwanza iweke kwenye reli ya majaribio usome namba yake. Ukiwa umekosea waya, umeme wa pale ni mdogo, hauui kitu. Halafu punguza sauti! Kila mpangilio ndani ya dikoda una namba yake, iitwayo CV: LokSound ni CV63, Zimo ni CV266. Mimi nashusha hadi karibu theluthi. Kwenye LokSound kuna pia ile ya kujipima mota: andika 0 kwenye CV54, bonyeza F1, na kichwa kitachomoka kama kimeona nyoka. Kiwe kwenye reli iliyonyooka, ndefu, na ukingo wa meza uwe mbali. Mimi nilikidaka hewani.

Mmoja wenu ameniuliza juu ya Garratt, vile vichwa vya mvuke vya reli ya Afrika Mashariki, zile klasi ya 59, 34 zilizoundwa na Beyer Peacock, Manchester, 1955 na 1956. Moja yake, Mount Gelai, iko pale makumbusho ya reli Nairobi. Swali zuri, na gumu. Garimoshi la silinda mbili linapumua mara nne kila magurudumu yakizunguka mara moja. Garratt ina seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake, na hazikufungwa pamoja. Kwa hiyo pumzi zinaenda sambamba, zinaachana, zinapishana, halafu zinakutana tena. Dikoda yenye mlio mmoja wa moshi haiwezi. Tafuta inayotoa milio miwili. Tsunami2 ya moshi inayo, na LokSound 5 inaweza kuwekewa mpigo wa pili. Garratt zangu ziko mbili, nimeshafungua moja. Wiki ijayo nailehemu hapa hapa mbele yenu, tuone kama pumzi zitapishana.