African Storybook kwa familia inayosomea nyumbani

Kwa sisi tunaowafundisha watoto wetu nyumbani, shida ya kila siku ni kupata vitabu vya Kiswahili vya kutosha, kwani msomaji mchanga humaliza kitabu kimoja asubuhi na kudai kingine kabla ya adhuhuri. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umetufaa sana katika jambo hili. Hadithi zake ni za bure, zina picha, na zimepangwa kwa ngazi, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi ambazo mtu mzima humsomea mtoto kwa sauti.

Ninachokithamini kuliko vyote ni leseni yake huria, inayomruhusu yeyote kutafsiri hadithi, kuirekebisha au kutunga nyingine mpya. Kwa kuwa hadithi moja hupatikana kwa lugha kadhaa, kifungua mimba wetu humsomea mdogo wake kwa Kiswahili, kisha wote wawili huirudia kwa Kiingereza huku wakibishana ni neno gani lililokosa mwenzake. Mabishano hayo, kwa maoni yangu, huwafundisha sarufi kuliko daftari lolote la mazoezi. Mtoto wa miaka 10 na zaidi ataziona fupi, na wetu wa umri huo tumemnunulia riwaya. Hadithi tunazozipenda tunazichapisha na kuzishona kwa uzi, na rafu yetu sasa ina vijitabu 23, vingi vikiwa vimechakaa pembe kwa kusomwa.